Gharama na Ada za Kununua Fransaizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Mtwara, Mikindani, Masasi, Lindi au Nachingwea ambaye ameweka fedha kando, pengine kutokana na korosho, kiinua mgongo au duka aliloliendesha kwa miaka mingi, na sasa ameambiwa kwamba anaweza kununua haki ya kufungua tawi la chapa inayojulikana. Jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu huuliza ni kiasi cha ada ya kuingia. Ada hiyo hulipwa mara moja ikaisha. Kinachoamua kama biashara itasimama ni makato yanayoendelea kila mwezi, hasa katika miezi ambayo Kusini haina fedha mkononi.

Fransaizi ni nini, na inatofautianaje na uwakala tuliouzoea?

Wakala wa benki au wa fedha za simu hutoa huduma ya kampuni na kulipwa kamisheni. Katika fransaizi fedha hutembea upande wa pili: wewe ndiye unayeimiliki biashara, unayeajiri na unayebeba hasara, na wewe ndiye unayemlipa mwenye chapa ili akuruhusu kutumia jina lake, mapishi au mfumo wake wa kazi, mafunzo yake na sifa aliyoijenga. Mkataba huwa na kikomo, mara nyingi miaka mitano hadi kumi, na muda huo ukiisha jina hurudi kwa mwenyewe.

Ada ya kuingia hulipia nini hasa?

Hulipia haki ya kujiunga, na kwa kawaida sehemu ya mafunzo ya mwanzo na msaada wa wiki za ufunguzi. Hailipii jengo, vifaa wala bidhaa. Nchini Marekani, ambako biashara ya aina hii ina historia ndefu, ada ya kawaida ya McDonald's imekuwa dola 45,000, wakati ya Subway imekuwa dola 15,000. Chick-fil-A hutoza dola 10,000 tu, lakini baadaye huchukua asilimia 15 ya mauzo pamoja na nusu ya faida. Mfano huo wa tatu unatosha kuonyesha kwamba ada ndogo ya kuingia si dalili ya fransaizi nafuu.

Uliza kwa maandishi kama ada hiyo inarudishwa endapo utakosa eneo linalokubalika au kibali. Mikataba mingi husema hairudishwi kwa sababu yoyote, na ni afadhali kulisoma hilo kabla ya kulipa kuliko kuligundua baadaye.

Kwa nini mtaji wote huzidi ada mara kadhaa?

Tuchukue mfano wa kubuni wa mgahawa wa kuku katikati ya Mtwara, wenye ada ya kuingia ya shilingi 25,000,000. Ukarabati wa fremu kwa rangi, taa na samani zinazotakiwa na chapa ugharimu 38,000,000. Majiko, majokofu, friza na jenereta 30,000,000. Nauli, malazi na posho za mafunzo Dar es Salaam 4,000,000. Malighafi ya kwanza 6,000,000. Leseni, vibali na mashine ya EFD ya kutolea risiti 3,000,000. Kilemba cha fremu, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, na malipo ya dalali 5,000,000. Na akiba ya kuvukia miezi mibaya 14,000,000. Jumla ni shilingi 125,000,000, na ada iliyotangazwa ni sehemu moja tu kati ya tano. Kodi ya pango sikuiweka humo kwa sababu nimeihesabu katika gharama za kila mwezi, ingawa mwenye nyumba ataitaka ya mwaka mzima siku ya kwanza, na fedha hiyo lazima iwepo.

Katika orodha hiyo, ukarabati ndio unaopitiliza bajeti mara nyingi zaidi. Mwenye chapa huwa na michoro na aina mahsusi za vigae, vibao na meza, na mara nyingi huteua na mkandarasi wa kuzileta. Fundi hodari wa Chikongola anaweza kuitengeneza meza ileile kwa nusu ya bei, lakini mkataba ukikuzuia kumtumia, bei yake haikusaidii. Omba orodha ya vitu vyenye bei kabla ya kusaini, na uombe kwa maandishi ni vipi unaruhusiwa kuvitafuta mwenyewe.

Mrabaha hukokotolewa juu ya nini?

Mrabaha ni malipo unayoendelea kumpa mwenye chapa kwa kutumia jina na mfumo wake, na hukokotolewa juu ya mauzo, si juu ya faida. Ningetamani kila mnunuzi aurudie mstari huu mara mbili, kwa kuwa hapa ndipo watu wenye akili timamu na uzoefu wa biashara hujikuta wamekosea hesabu. Asilimia 6 inasikika kama kitu kidogo. Lakini ikiwa katika kila shilingi 100 za mauzo unabakiwa na faida ya shilingi 10 kabla ya kumlipa mwenye chapa, mrabaha wa shilingi 6 ni zaidi ya nusu ya faida yako, na mwezi usio na faida mrabaha hulipwa vilevile.

Viwango hutofautiana. Nchini Marekani, Subway kwa miaka mingi imetoza mrabaha wa asilimia 8 na mchango wa matangazo wa asilimia 4.5, yaani asilimia 12.5 ya mauzo kabla mwendeshaji hajalipa mshahara wa mtu yeyote. McDonald's ilitangaza kupandisha mrabaha wa migahawa mipya ya huko kutoka asilimia 4 hadi 5 kuanzia 2024. Chapa nyingine hazitozi asilimia bali kiasi maalumu kwa mwezi, na nyingine huweka kiwango cha chini: utalipa asilimia 6 ya mauzo au shilingi 1,000,000, kutegemea kipi ni kikubwa. Kifungu cha kiwango cha chini ni kizito kwa mtu wa Kusini, na jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

Msimu wa korosho unaathirije hesabu hizi?

Unaathiri kila kitu. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na kuanzia malipo ya kwanza yanapoingia katika akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, mzunguko wa fedha mjini hubadilika mpaka kwenye Januari. Ufuta huleta nafuu kidogo katikati ya mwaka. Miezi inayobaki, wateja wa kutegemewa ni watumishi wa umma, wafanyakazi wa bandari, wa gesi na wa kiwanda cha saruji, pamoja na wanafunzi. Kwa mgahawa, Ramadhani nayo ina hesabu yake, kwa sababu katika miji yetu mauzo ya mchana hushuka sana na ya jioni huhamia kwenye futari za nyumbani.

Turudi kwenye mgahawa wetu wa kubuni. Tuseme unauza shilingi 22,000,000 kwa mwezi katika miezi minne ya msimu, na 12,000,000 katika miezi minane mingine. Malighafi hula asilimia 45 ya mauzo, mrabaha asilimia 6 na matangazo asilimia 2, hivyo katika kila shilingi 100 unabaki na 47 za kulipia mengine. Gharama zisizobadilika kwa mwezi ni hizi: pango 600,000, mishahara na michango ya hifadhi ya jamii 2,300,000, umeme na mafuta ya jenereta 1,200,000, usafirishaji 1,100,000, na ulinzi, usafi, intaneti na matengenezo 800,000. Jumla ni 6,000,000.

Mwezi wa msimu unakuachia faida ya shilingi 4,340,000. Mwezi wa kawaida unabaki na 5,640,000 za kulipia gharama za 6,000,000, maana yake unapata hasara ya 360,000, ilhali katika mwezi huohuo umempelekea mwenye chapa 960,000. Bila makato yake, mwezi huo ungefungwa kwa faida ya 600,000. Ili usipate hasara, unahitaji kuuza takriban 12,770,000 kila mwezi.

Kwa mwaka mzima mauzo ni shilingi 184,000,000. Faida yako, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya kujilipa mshahara, ni 14,480,000. Mwenye chapa amepata 14,720,000. Wewe uliyeweka mtaji wa 125,000,000 umepata pungufu kuliko aliyeleta jina, na kwa kasi hiyo utahitaji zaidi ya miaka minane na nusu kuurudisha mtaji. Mkataba ukiwa wa miaka mitano, biashara hii haifai hata kama chapa ni nzuri na mgahawa unajaa watu kila Desemba.

Hapo nimedhani kwamba msimu utakuwa mzuri. Wenyeji hawajasahau msimu wa 2018/2019, wanunuzi walipogomea bei, Serikali ikaamua mwezi Novemba kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo muda mrefu wakati uhakiki ukiendelea. Fanya hesabu yako upya ukiweka miezi miwili tu ya msimu badala ya minne. Katika mfano wetu faida ya mwaka hushuka hadi 5,080,000, ilhali mrabaha na matangazo bado vinachukua 13,120,000.

Kwa hiyo mjadiliane na mwenye chapa kuhusu mrabaha unaofuata msimu: asilimia ndogo katika miezi ya Februari hadi Septemba na kubwa kidogo katika msimu, au msamaha wa kiwango cha chini kwa mwaka wa kwanza. Wapo wanaokubali, hasa wanapotaka kuingia katika mji ambao hawana tawi. Asiyetaka hata kulizungumza jambo hili amekuonyesha mapema jinsi atakavyokupokea utakapopata shida.

Mchango wa matangazo utanisaidia nikiwa mbali na Dar es Salaam?

Si lazima. Mchango huingia katika mfuko wa pamoja, na mwenye chapa ndiye anayeamua matumizi yake. Bango la Ubungo halimletei mteja mtu wa Rahaleo mjini Lindi. Omba mambo mawili yaandikwe katika mkataba: taarifa ya mwaka ya mapato na matumizi ya mfuko, na ruhusa ya kutumia sehemu ya mchango wako katika redio na matangazo ya hapa. Angalia pia kama unatakiwa, juu ya mchango huo, kutumia kiasi fulani kwa matangazo yako mwenyewe, kwa kuwa mikataba mingi ina vyote viwili.

Ni lazima kununua malighafi kwa mwenye chapa?

Mara nyingi ni lazima, angalau kwa viungo, vifungashio na bidhaa zinazobeba ladha ya chapa. Hapa kuna ada isiyoitwa ada: mwenye chapa anaweza kukutoza mrabaha mdogo kisha akapata faida yake katika bei ya kila katoni. Linganisha bei zake na za wauzaji wa jumla wa Mtwara na Dar es Salaam kwa kila kitu, kisha igeuze tofauti hiyo kuwa asilimia ya mauzo na uijumlishe na mrabaha. Hapo ndipo utakapojua unachomlipa kwa kweli.

Halafu kuna barabara. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika maeneo ya Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mkataba unaokukataza kununua kwa mtu mwingine hata lori linapokwama ni mkataba unaokulazimisha kufunga mlango huku pango na mishahara vikiendelea. Dai kifungu cha dharura kinachokuruhusu kununua mbadala wa ubora unaokubalika, na utenge bajeti ya friza za ziada na stoo, ambazo mwendeshaji wa Dar es Salaam hazihitaji.

Ni kodi gani zinazohusiana moja kwa moja na fransaizi?

Ya kwanza ni kodi ya zuio kwenye mrabaha, ambayo ni asilimia 15. Unatakiwa kuikata katika malipo ya mwenye chapa na kuiwasilisha TRA. Tatizo huja mkataba unaposema kwamba mrabaha utalipwa kamili bila makato yoyote, kwani basi mzigo unahamia kwako: ili mwenye chapa apokee shilingi 1,000,000 kamili, itakubidi uhesabu mrabaha wa takriban 1,176,500 na kulipa tofauti hiyo kwa TRA.

Ya pili ni VAT. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa Tanzania Bara kujisajili ni shilingi 200,000,000 kwa mwaka, na kiwango cha kawaida cha kodi ni asilimia 18. Mgahawa wa mfano wetu, wenye mauzo ya 184,000,000, uko karibu sana na mstari huo. Ukiuvuka bila kupandisha bei, katika kila shilingi 10,000 unazopokea, takriban 1,525 si zako, na malighafi nyingi za jikoni, kama mboga na nyama zisizosindikwa, hazina VAT unayoweza kujirudishia. Hakikisha mkataba unasema mrabaha na mchango wa matangazo vitakokotolewa juu ya mauzo bila VAT. La sivyo utakuwa unalipa asilimia 8 juu ya fedha ya Serikali.

Ya tatu huwashangaza wengi. Mpangaji wa biashara hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA, na mkataba wa pango hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Wenye nyumba wengi hutaka pango lao lote mkononi. Lizungumzeni kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu mkaguzi akija atakuuliza wewe. Leseni ya biashara, ushuru wa huduma wa halmashauri, ukaguzi wa Zimamoto, OSHA na TBS ni vya biashara yoyote ya chakula, iwe ya fransaizi au isiwe.

Mwenye chapa wa nje akitaka alipwe kwa dola?

Mauzo yako ni ya shilingi, hivyo kila shilingi inaposhuka thamani ada yako inapanda bila wewe kuuza zaidi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Ada maalumu ya dola 500 kwa mwezi ilipanda kwa zaidi ya shilingi 150,000 katika muda huo. Mrabaha wa asilimia ni salama kidogo kuliko ada maalumu ya dola, kwa kuwa unahesabiwa kutokana na mauzo yako ya shilingi.

Nitajuaje kwamba takwimu ninazopewa ni za kweli?

Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya fransaizi. Mahusiano haya yanaongozwa na sheria ya mikataba, ya ushindani na ya alama za biashara. Maana yake ni kwamba hakuna anayemlazimu muuzaji kukupa waraka wa ufichuzi, yaani hati inayoweka wazi ada, takwimu na historia ya biashara yake. Nchini Marekani, mwenye chapa hulazimika kumpa mnunuzi waraka wenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Afrika Kusini nayo inataka waraka wa ufichuzi, na humpa mnunuzi siku 10 za kazi baada ya kusaini za kujitoa bila adhabu. Ikiwa chapa unayoitaka inauzwa katika nchi hizo, omba waraka walioutoa huko. Kama ni chapa ya nyumbani, omba mambo yaleyale: ada zote, mtaji unaokadiriwa, mauzo ya matawi yaliyopo, matawi yaliyofungwa na sababu zake, na namba za waendeshaji wa sasa na wa zamani.

Kisha panda basi ukakae na waendeshaji hao. Mimi binafsi niliwahi kuamini karatasi ya makadirio ya mauzo iliyotengenezwa kwa kutumia tawi moja la Dar es Salaam lililo karibu na kituo cha mabasi, na ilinigharimu. Zungumza na mwendeshaji wa mji unaofanana na wetu kwa ukubwa, na umwulize mwezi wake mbaya kuliko yote aliuza kiasi gani.

Jambo jingine lisilogharimu sana ni kuhakiki kwa BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, kama chapa imesajiliwa na kwa jina la nani. Usajili wa alama Tanzania Bara hudumu miaka saba ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka kumi. Wapo wanaouza haki ya jina ambalo si lao, au ambalo wamelisajili Zanzibar peke yake, ingawa usajili wa Zanzibar haufanyi kazi Bara.

Ni busara kukopa ili kulipia ada?

Kukopa kwa ajili ya vifaa kunaeleweka, kwa kuwa vifaa vinaweza kuuzwa. Ada ya kuingia haiuziki, na benki hailioni jina la chapa kuwa dhamana. Itataka hati ya nyumba au shamba. Rejesho la mkopo halimo katika hesabu niliyoionyesha juu. Ukiongeza rejesho la shilingi 1,200,000 kwa mwezi, faida ya mwaka ya mfano ule inakwisha karibu yote. Ukilazimika kukopa, omba ratiba inayofuata msimu, kama wanavyopewa baadhi ya wakopaji wa kilimo.

Kuna ada gani mwishoni mwa mkataba au nikitaka kuuza?

Kuhuisha mkataba huwa na ada yake, na mara nyingi huambatana na sharti la kukarabati upya kwa mwonekano mpya wa chapa. Kumuuzia mtu mwingine huhitaji kibali cha mwenye chapa na ada ya uhamisho, na mnunuzi wako atalipia mafunzo. Ukivunja mkataba kabla ya muda, unaweza kudaiwa mrabaha wa miaka iliyobaki. Mikataba mingi pia hukuzuia kufanya biashara ya aina hiyo katika eneo lako kwa mwaka mmoja au miwili baada ya kutoka. Katika mji kama Lindi, ambako eneo la biashara ni dogo, katazo hilo ni sawa na kuambiwa uhame.

Tazama pia mgogoro utaamuliwa wapi. Kifungu kinachosema usuluhishi utafanyika Johannesburg au Nairobi kina gharama ya nauli, hoteli na wakili wa huko, na kwa dai la shilingi milioni kumi gharama hiyo inaweza kulimeza dai lenyewe. Omba Mtwara, wakikataa, Dar es Salaam. Tafuta pia wakili akusomee mkataba wote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla hujasaini.